Ua la Mpangaji

Ukishuka treni kituo cha Becontree, mashariki ya London, ukashika mtaa wowote uelekeao kaskazini, utapita safu za nyumba za matofali zinazofanana mlango kwa mlango. Kila nyumba ina kipande cha ardhi mbele, baina ya mlango na njia ya miguu, hatua chache tu kwa upana. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, basi vipande hivyo ninavipita kutwa nikitoka nyumba hii kuingia ile. Vingi siku hizi vimesakafiwa na gari limelala juu yake. Vichache bado vina miwaridi, na mara nyingi ni ile mifupi ya rangi ya pinki, iliyopandwa karibu karibu kama tuta la mihogo.

Mgeni akiiona hudhani ni mila ya Waingereza ya tangu enzi na enzi. Sivyo. Umri wake mitaani hapa ni kama karne moja, na haikuletwa na mapenzi ya maua peke yake. Ililetwa na sharti la mwenye nyumba, bei ya peni sita, na moshi wa makaa ya mawe. Vitu hivyo vilipoondoka, kimoja baada ya kingine, nayo ikaanza kuondoka.

Tuanze na ua lenyewe. Mawaridi ya kale ya Ulaya, karibu yote, yalichanua mara moja kwa mwaka. Juni yalifunguka, baada ya wiki chache yakapukutika, na mpaka Juni nyingine mwenyewe alibaki na majani na miiba. Bwana mwenye bustani ya ekari hakujali, kwani alikuwa na pembe nyingine za kutazama. Lakini mwenye kipande cha mita 3 mbele ya dirisha hawezi kukikabidhi kwa mmea unaofanya kazi mwezi mmoja na kupumzika kumi na moja.

Dawa ilitoka China. Huko miwaridi inayochanua tena na tena ilikuwa imelimwa kwa karne nyingi, na mwishoni mwa karne ya 18 miche yake ikaanza kufika Ulaya kwa meli za biashara. Mmoja ulichanua mwaka 1793 katika bustani ya bwana aitwaye Parsons, huko Rickmansworth nje ya London, ukaitwa Parsons' Pink China. Leo wengi wanaujua kwa jina la Old Blush. Ni wa pinki, maua yake mepesi, wala si wa kumshangaza mtu kwa uzuri. Thamani yake ilikuwa ile tabia ya kutochoka. Mwaridi unaochanua kiangazi kizima leo, karibu wote, umeirithi tabia hiyo kwa huo au kwa ndugu zake wa China.

Wafaransa wakaisogeza kazi mbele. Mjini Lyon, Jean-Baptiste Guillot alitumia Rosa multiflora, mwaridi wa Japani wenye vishada vya maua madogo, pamoja na damu ya Kichina, na mwaka 1875 akatoa Pâquerette: mweupe, mfupi wa kimo cha goti, wenye maua kwa makundi. Hapo ndipo mwaridi wa tuta ulipopata umbo lake. Mmea wa namna hiyo hautazamwi ua moja moja. Unapandwa mingi pamoja, ya aina moja na kimo kimoja, ili tuta zima liwe rangi moja. Kule Denmark, Svend Poulsen alitaka miwaridi ya vishada itakayostahimili baridi ya kwao, na mwaka 1924 akatoa Else Poulsen, wa pinki iliyokolea, wenye maua makubwa kuliko yale ya Lyon. Ukoo huo ndio ulioitwa floribunda baadaye, na ndio uliojaza bustani za mbele za Uingereza.

Mwingine ulizaliwa jirani kabisa na hapa. Havering-atte-Bower ni kijiji kilicho kilimani kaskazini ya Romford, maili chache kutoka Becontree. Kasisi wa Kianglikana, Joseph Pemberton, alizalisha miwaridi huko mpaka alipofariki mwaka 1926, kisha kazi ikashikwa na watu wa bustanini mwake, Bentall na mkewe Ann. Mwaka 1932 wakatoa The Fairy, na anayetajwa kuwa mzalishaji wake ni Ann. Una majani madogo yanayong'aa, matawi yanayotambaa pembeni, na vishada vya maua madogo ya pinki hafifu, kila ua limefungana petali juu ya petali. Huchelewa kuanza, ila ukishaanza Julai hauachi mpaka baridi iukataze.

Mimi ni Mzanzibari, na kwetu waridi ni harufu kwanza, mengine baadaye. Marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi maulidini na harusini, na mawaridi yenyewe hupangwa na asmini na mrehani kwenye kikuba cha bibi harusi. Ua la kwetu ni la ndani: la kifuani, la kitandani, la mgeni aliyekwisha kuvua viatu. The Fairy haunukii. Mara ya kwanza nilipouinamia nilidhani nimeshikwa na mafua. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mmea huu haukuzalishwa kwa ajili ya anayeinama. Umezalishwa kwa ajili ya mpita njia.

Na katika mitaa hii, mpita njia muhimu kuliko wote alikuwa mtu wa kodi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Uingereza iliwaahidi askari waliorudi nyumba za kukaa watu kwa heshima. Ripoti ya kamati ya Tudor Walters ya mwaka 1918 ilipendekeza nyumba zisizidi 12 kwa ekari moja mijini, kila moja na bustani yake, na sheria ya mwaka 1919 ikazipa serikali za mitaa wajibu wa kujenga na fedha za kujengea. Baraza la Kaunti ya London likatwaa ekari zipatazo 3,000 huko Essex, hapa palipo na Becontree leo, nyingi zikiwa mashamba yaliyolisha masoko ya London kwa mboga, na mwaka 1921 ujenzi ukaanza. Matofali na mbao zilishushwa gatini mto Thames, zikapandishwa kwa reli iliyowekwa kwa kazi hiyo tu. Katikati ya miaka ya 1930 zilikuwa zimesimama nyumba karibu 26,000, zenye wakazi zaidi ya 100,000. Duniani hapakuwa na mradi mwingine wa nyumba za umma uliofikia ukubwa huo.

Waliohamia wengi walitoka East End ya London, ambako familia ilibanana chumba kimoja au viwili, na uwanja wa nyuma ulikuwa wa choo na kamba ya nguo. Hapa kila mmoja alikabidhiwa ardhi mbele na ardhi nyuma, pamoja na masharti ya upangaji: bustani ya mbele iwe nadhifu na iwe imelimwa. Wigo wa mimea ya priveti ulikwisha kupandwa na Baraza lenyewe. Mtu wa kodi alipita kila wiki, na macho yake hayakuishia kwenye daftari. Palikuwa pia na mashindano ya bustani yenye zawadi, na jirani anajua jirani kapata nini.

Nyuma ya nyumba mtu alipanda atakacho: viazi, kabichi, maharage. Mbele palikuwa pa macho ya watu, na hapo ndipo tabia za mwaridi wa tuta zilipolingana na haja za mpangaji. Hauhitaji kununuliwa upya kila mwaka kama maua ya msimu. Unachanua Juni mpaka Oktoba. Haurefuki ukaziba mwanga wa sebule. Miiba yake inawakumbusha watoto kuchezea mpira pengine. Na ukiwa wa aina moja, umepangwa kwa mstari, hata asiyejua kitu cha bustani anaona kwamba hapa pana mtu anayejiheshimu.

Bei nayo ilisaidia. Kabla ya Vita vya Pili, maduka ya Woolworths nchini Uingereza yalikuwa na sifa ya kutouza kitu kwa zaidi ya peni sita, na miche ya miwaridi ilikuwamo kwenye rafu zake. George Orwell, huyu huyu wa Shamba la Wanyama, alinunua ya kwake mwaka 1936 akaipanda kwenye nyumba ndogo aliyopanga kijijini Wallington, Hertfordshire. Wakati wa vita aliisimulia miwaridi hiyo katika gazeti la Tribune, na msomaji mmoja mwanamke akamjia juu kwamba maua ni mambo ya mabwanyenye. Bibi huyo angeshuka Becontree siku moja ya Julai angeona mabwanyenye hao wakirudi kutoka kiwandani na mikono ya grisi, wakichukua mkasi kabla ya chai.

Mche wa peni sita ulikuja bila udongo, mizizi wazi, wakati wa majani kupukutika. Namna ya kuupanda haijabadilika. Unaloweka mizizi ndani ya ndoo usiku kucha. Unachimba shimo pana, si refu sana, kisha unatafuta kile kifundo kilicho juu kidogo ya mizizi, pale jicho la mwaridi mzuri lilipobebeshwa juu ya shina la mwaridi wa mwitu. Kifundo hicho ndicho kipimo chako, kikae usawa wa ardhi. Unarudisha udongo, unaukanyaga kwa kisigino, na mwenzake unaupanda sentimita 50 hivi pembeni. Ukiona chipukizi limetokea chini ya kifundo, hilo ni la mwitu, ling'oe kwa mkono lingali bichi, maana ukilikata tu litarudi.

Machi ndiyo kazi ya mkasi. Kuna bibi ninayemhudumia, kazaliwa mtaa huu huu kabla ya vita, magoti yamemgomea lakini dirisha hajaliacha. Huninyooshea fimbo kutoka ndani: ule, hapana, chini yake. Kila tawi hukatwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya mmea pabaki wazi na upepo upite. Nikisita husema, kata, usiuonee huruma, utakushukuru Juni. Maua yakishanyauka hataki nichume moja moja. Anataka kishada kizima kishuke mpaka kwenye jani la kwanza lenye afya, kwa sababu tumba jipya hutoka hapo.

Ndiye aliyenisimulia jinsi vita vilivyoingia bustanini. Baada ya mwaka 1939 serikali ilihimiza kila kipande cha ardhi kitoe chakula, na baba yake akang'oa miwaridi ya mbele akatia viazi. Miwili ya mlangoni ilibaki, kwa sababu mkewe alisema anayeitaka aanze na yeye.

Vita vilipokwisha na chakula kikarejea, miwaridi nayo ikarejea kwa wingi usiopata kuonekana. Miaka ya 1950 na 1960 ndiyo iliyokuwa enzi yake. Chama cha Taifa cha Waridi, kilichoundwa mwaka 1876, kilivuka wanachama 100,000. Mwaka 1954 ulitoka Queen Elizabeth, mwaridi wa pinki uliozalishwa Marekani na Walter Lammerts, ukapewa jina la malkia aliyerithi kiti cha baba yake akiwa Nyeri, Kenya, mwezi wa Februari 1952. Kwa bustani ya mbele ni mrefu kupita kiasi, ukiuachia unafika mita 2, lakini jina lilikuwa jina. Mwaka 1960 kampuni ya Dickson ya Ireland ya Kaskazini ikatoa Dearest, wa pinki yenye uwekundu wa samaki salmoni, mfupi, unaonukia, ila hauipendi mvua. Mwaka huo huo Ujerumani ikaleta Super Star, rangi ya chungwa kali, na vijana wakaikimbilia. Bibi wa dirishani hakushawishika. Anasema chungwa mbele ya matofali mekundu ni ugomvi, pinki ni salamu. Nimezitazama nyumba zilizobaki na miwaridi, na kwa hili nipo upande wake.

Katika kustawi huko palikuwa na msaidizi ambaye hakuna aliyemshukuru, nao ni moshi. Kila nyumba ilichoma makaa ya mawe jikoni na sebuleni, na juu yake kulikuwa na viwanda na mitambo ya umeme. Makaa yakiungua hutoa dioksidi ya salfa. Desemba 1952 hewa ilisimama juu ya London kwa siku tano, moshi ukakosa pa kwenda, na hesabu ya wakati ule ilikuwa vifo 4,000. Watafiti wa baadaye wamefikisha 12,000. Lakini salfa ni dawa ya kuvu ya tangu zamani, wakulima wa mizabibu wanaijua vizuri, na hewa ile ile iliyoziba vifua vya watu ilikuwa ikiyalinda majani ya mwaridi dhidi ya ugonjwa wa madoa meusi. Watafiti walilithibitisha hilo katika miaka ya 1960. Mjini ugonjwa ulikuwa haba. Aliyeuona sana ni mtu wa shamba, mwenye hewa safi.

Kisha ikaja Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, na baada yake gesi ya Bahari ya Kaskazini ikayaondoa makaa majumbani. Watu wakapumua, na kuvu nayo ikapumua. Hebu chukua jani lenye ugonjwa ulitazame. Doa ni jeusi, kubwa kama kucha ya kidole cha mwisho, na ukingo wake haukukatika sawasawa, una nyuzinyuzi zinazopenya kwenye kijani. Kuzunguka doa jani linapiga manjano, halafu linaanguka, na mbegu za kuvu hukaa humo humo zikisubiri tone la mvua lizirushe juu. Kufika Agosti mwaridi dhaifu umevuka nguo kuanzia miguuni. Na tuta la aina moja, lililobanana, ambalo ndilo lililokuwa fahari ya mtaa, likageuka kuwa njia ya ugonjwa, kwani ukiupata mmoja imeupata yote. Waliotaka kuendelea walilazimika kupulizia dawa kila baada ya wiki mbili tatu, au kuokota majani yaliyoanguka moja baada ya jingine. Wengine walihamia kwenye aina zenye kinga, kama Bonica ya Meilland wa Ufaransa iliyotoka miaka ya 1980, au walirudi kwa The Fairy, ambao umestahimili pale warembo wa baada yake waliposhindwa.

Hata hivyo kuvu peke yake isingeweza kuumaliza mtaa mzima. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kuzinunua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa, na Becontree wengi walizinunua. Dalili zilionekana upesi: mlango mpya, madirisha mapya, ukuta uliopigwa rangi tofauti na wa jirani. Mwenye nyumba sasa hakuwa na mtu wa kodi wa kumridhisha. Alikuwa na gari, na mtaa uliochorwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu wa miguu haukuwa na mahali pa kuliweka. Wigo wa priveti ukakatwa, tuta likachimbwa, saruji ikamwagwa. Kiwanda cha Ford kilikuwa kimefunguliwa hapa jirani, Dagenham, mwaka 1931, na kwa miaka mingi mafundi wake walipalilia miwaridi jioni baada ya kuunda magari mchana. Hatimaye magari yakapanda juu ya miwaridi. Kuunganisha magari kiwandani hapo kulikoma mwaka 2002, maegesho yamebaki.

Si Becontree peke yake. Mwaka 2015 chama kikuu cha kilimo cha bustani nchini kilikadiria kwamba mamilioni ya bustani za mbele Uingereza hayana hata mmea mmoja. Baada ya mafuriko ya mwaka 2007 serikali iliona pia kwamba maji ya mvua hayana pa kuzama, na tangu Oktoba 2008, ukitaka kusakafia zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, inabidi uombe kibali. Chama cha Waridi, kwa upande wake, kiliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mwaka 2017. Na anayetaka waridi la mezani haendi tena na mkasi mlangoni, ananunua la Naivasha, Kenya, dukani, hata Februari.

Nyumba ninayokaa ilinunuliwa kwa sheria ile ya 1980, ikauzwa tena, na leo inapangishwa na mtu binafsi. Nimeusoma mkataba wangu vizuri. Sharti la bustani ya mbele kuwa nadhifu bado limo, karibu vile vile lilivyokuwa kwa wapangaji wa kwanza, ila siku hizi saruji nayo inalitimiza, na mwenye nyumba wangu amekwisha kunidokeza kwamba saruji haina kazi. Nimemjibu kwamba kazi ni yangu. The Fairy yangu ipo safu mbili chini ya dirisha, na inakaa hapo kwa sababu rahisi: mimi napanda basi.

Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaosikitika kwamba Waingereza wamepoteza mapenzi ya maua. Bibi wa dirishani hajayapoteza, wala wanawe walioko Essex ndani hawajayapoteza. Aliyetaka kuwa na tuta la pinki mbele ya nyumba mwaka 1935 hakuhitaji kuchagua kati ya hilo na kitu kingine; alikuwa na ardhi, hakuwa na gari, na alikuwa na mtu wa kuja kukagua. Ukitaka kujua kama mtaa fulani utakuwa na miwaridi miaka ishirini ijayo, usiwaulize watu wanapenda nini. Uliza gari linalala wapi.